Ng'ambo ya Mbagathi

Mbuga ya Nairobi ina ua pande tatu. Kaskazini kuna jiji, magharibi kuna Lang'ata na Karen, mashariki kuna viwanda na Barabara ya Mombasa. Upande wa kusini hapana ua. Kuna mto Mbagathi tu, ambao Wamaasai huuita Empakasi, na kwa siku nyingi za mwaka mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Sisi tuliishi ng'ambo hiyo ya kusini. Mbuga ilipotangazwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini Kenya, ilipewa kilomita za mraba 117 hivi, na nyumbu hawatoshelezwi na eneo hilo. Malisho ya miezi ya mvua yalikuwa huku kwetu, kwenye tambarare za Kitengela na Kaputiei, kusini kuelekea Kajiado. Nyumbu na punda milia walikuja wakila, simba wakaja nyuma yao, na hakuna aliyewauliza kibali.

Baba alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji Athi River. Katikati ya miaka ya 1990 tulitoka kwenye nyumba ya kupanga Noonkopir, jina ambalo wenyeji waliuita mji wa Kitengela kabla haujawa mji, tukahamia kwenye ploti aliyoinunua upande wa mtoni. Mama hakupendezwa. Mji wenyewe ulikuwa kituo cha mafuta, safu ya maduka, posho mili na bucha nyingi kuliko wateja wake. Huko ploti hapakuwa hata na hizo. Kulikuwa na nyasi, migunga, nyumba yetu ya mabati yanayong'aa, na boma la jirani, mzee wa Kimaasai ambaye tangu siku ya kwanza alituletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti. Sisi watoto tulimsalimu kwa kuinamisha kichwa naye akatugusa utosini. Mwanawe wa rika langu akawa rafiki yangu, na mama yake nikamwita Yeyo kama watoto wake walivyomwita.

Mwaka 1997 ukaja na El Nino. Mvua iliyoanza Oktoba ilivuka Krismasi, na udongo mweusi wa Kitengela, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, uligeuka gundi. Baba alikuwa akivua viatu, anavitia kwenye mfuko wa nailoni, anatembea peku hadi lami. Nyasi zilinipita kichwa. Swala na nyumbu wakatawanyika kila mahali kwa sababu maji na majani yalikuwa kila mahali, na simba aliyebaki mbugani akajikuta anawinda kwenye nyasi ndefu wanyama ambao wameshahama. Akavuka mto.

Watu wa mjini hufikiri simba anayefika bomani huruka ua akamnyakua ng'ombe. Mzee aliniambia simba mwenye akili hafanyi hivyo. Hukaa upande unakotoka upepo, akaiacha harufu yake iingie bomani, na ng'ombe wenyewe kwa kiwewe wakavunja mlango wakatoka. Kazi yake inabaki kuchagua. Ndiyo maana katika boma lile mlango wa miiba ulikuwa mzito kuliko ukuta, na kila jioni Mzee aliutia tawi jingine hata kama la jana lilikuwa zima.

Usiku ninaoukumbuka nililala kwao, wazazi wangu wakiwa wamekwenda matanga bara. Upepo ulitoka upande wa mbuga. Tulikuwa tumelala juu ya ngozi, moto umebaki makaa, na nje kulikuwa na kelele za ndege niliyekuwa nimemzoea kiasi cha kutomsikia. Ni ndege wa nyasi fupi, mwenye miguu mirefu myekundu na utosi mweusi uliozungukwa na duara jeupe. Hutaga chini kabisa, kwenye kijishimo kisicho na hata jani, na usiku hulala jicho moja. Mwaka ule nyasi ndefu zilikuwa zimemfukuza kila mahali isipokuwa karibu na maboma, ambako mbuzi walikuwa wamezila hadi mizizi.

Mzee alikaa kitako. Akatufanyia ishara tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

"Sikilizeni," alisema. "Akilia mahali pamoja, ni mbweha au mtu anapita. Huyu analia, ananyamaza. Wa pili anapokea huku. Sasa wa tatu. Kuna kitu kinatembea, na kinakuja kwetu."

Nilisikiliza na kwa mara ya kwanza nikazitenganisha zile kelele: moja mbali upande wa mtoni, nyingine karibu na kisima, nyingine nyuma tu ya zizi la ndama. Hapo ndipo mbwa walipoanza. Mzee alikuwa ameshatoka na tochi na rungu, kaka mkubwa na mkuki, Yeyo akalipiga debe kwa mwiko, akilipiga kwa hasira kabisa, akimtukana simba kwa Kimaa. Sisi tuliambiwa tuchochee moto. Ng'ombe walikuwa wamejisukuma ukutani wakihema, lakini mlango ulishika.

Asubuhi tulimkuta kwenye njia ya ng'ombe, yaani tulikuta unyayo wake. Ulikuwa umejaa maji. Rafiki yangu alinionyesha jinsi ya kuusoma: vidole vinne, kisigino kipana, na hakuna alama ya kucha, kwa sababu paka huzificha kucha anapotembea. Fisi angeacha kucha. Nilitia kiganja changu ndani na pembeni pakabaki nafasi ya kidole kizima. Alikuwa amezunguka boma akaendelea, na boma la tatu kutoka letu lilipoteza kondoo.

Shuleni kwetu palikuwa na klabu ya wanyamapori, mojawapo ya vilabu vilivyoanzishwa nchini mwaka 1968, na mwaka uliofuata, tope lilipokauka, mwalimu alituandikisha kwenda safari. Mbuga yenyewe! Tuliondoka alfajiri, tukazunguka Athi River, tukaingia Barabara ya Mombasa, tukakwama kwenye msongamano, tukafika lango kuu la Barabara ya Lang'ata jua limepanda. Tulilipiwa kiingilio ili tukatazame nchi ambayo mtu akisimama juu ya paa la choo chetu anaiona bure.

Kilichonishangaza ni msitu. Kutoka kwetu mbuga ilikuwa nyasi tupu, na sikujua kwamba upande wa magharibi, nyuma ya lango, kuna msitu wa mihugu na mizeituni pori ambamo barabara inapita kivulini na hewa inanukia majani mabichi. Askari wa mbuga aliyetuongoza, mama wa makamo tuliyemwita Madam kama walimu wetu, alisimamisha basi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Watoto walinung'unika. Walitaka simba.

"Simba mnao kwenu," alisema. "Tazameni juu."

Juu alikuwepo shorobo. Mwili wa kijani kibichi, kishungi cha buluu iliyokolea, doa jeupe mbele ya jicho, akikimbia juu ya tawi kama kindi. Hilo peke yake lisingetunyamazisha. Lakini aliruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, akakunjua mbawa, na mbawa zilikuwa nyekundu, wekundu mkali ambao hakuna aliyeushuku alipokuwa ametulia. Basi zima lilitoa sauti. Madam alisubiri, kisha akatuambia kwamba wekundu ule ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, na kwamba ndege wengi tunaowaona kuwa wa kijani hawana rangi ya kijani kabisa, ni mwanga unatuchezea. Shorobo anayo ya kweli. Nimesoma mengi baadaye kuhusu jambo hilo na sijapata maelezo yaliyonikaa kuliko ya yule mama aliyekuwa ameegemea mlango wa basi.

Mtoto mmoja akauliza kama tutamwona chui milia. Tulicheka, ila swali lilikuwa la haki: karibu kila nyumba Noonkopir ilikuwa na lile blanketi zito la Eastleigh lenye picha yake, macho ya manjano, mdomo wazi, na usiku wa baridi tulilala chini ya huyo mnyama. Wetu alikuwa amekaa katikati ya mianzi. Kwa nini asiwepo msituni hapa?

Madam hakucheka. Alisema chui milia ni wa Asia, porini Afrika hajawahi kuwepo, na huko India watu huingia katika misitu yao ya hifadhi kumtafuta, siku nyingine wakarudi wameona ndege tu. Kisha akaongeza jambo ambalo nilidhani ni hadithi ya kutufurahisha. Mwindaji mkubwa wa chui milia wala watu, alisema, amezikwa hapa kwetu, Nyeri.

Ni kweli. Jim Corbett alizaliwa Nainital mwaka 1875, akawa akiitwa vijijini kuua chui milia na chui waliozoea kula binadamu, halafu akaiweka bunduki akashika kamera na kuanza kuwatetea. Mbuga ya taifa ya kwanza ya India, iliyotengwa mwaka 1936, ilikuja kupewa jina lake. India ilipopata uhuru mwaka 1947 yeye na dada yake walihamia Kenya, wakakaa Nyeri, akafia huko mwaka 1955. Nilivisoma vitabu vyake ukubwani, vya kuazima, na kuna mengi ndani yake ya mzungu wa enzi ile ambayo msomaji wa leo atayameza kwa shida. Lakini kwenye ufundi wake niliinua kichwa. Corbett hakumtafuta chui milia kwa macho. Alimtafuta kwa masikio: ndege wa msituni, nyani na paa walimwambia mnyama yuko wapi, anakwenda wapi, ameketi au anatembea. Mzee wa Kitengela, ambaye hakuwahi kuingia darasani, angekaa naye kwenye gogo moja wakaelewana bila mkalimani.

Siku ile ya safari simba tuliwaona pia. Jike moja lililala kivulini na magari ya watalii yamelizunguka, injini zikinguruma, na madereva wakiitana kwa redio. Kwa watoto wa Kitengela haikuwa habari kubwa. Rafiki yangu hakuangalia hata. Alikuwa amegeukia upande mwingine wa basi, ambako kanga walikuwa wamepanda mgunga mchana kweupe, wakipayuka na wote wakitazama sehemu moja ya nyasi.

"Madam, wako wengine pale," alisema.

Dereva alitaka kuondoka. Madam alimwambia azime gari. Tulikaa hadi wenzetu wakaanza kula chapati zao, kisha nyasi zikafunguka, yakatokea masikio, na dume kubwa likasimama, likajinyoosha, likalala tena. Magari yote yalikuwa yamelipa mgongo. Madam alimwuliza rafiki yangu jina la baba yake, akaliandika kwenye daftari lake. Sijui kwa nini.

Kabla ya kurudi tulipelekwa kwenye kilima cha kutazamia cha Impala. Chini ilikuwa tambarare nzima, mstari wa miti unaoonyesha mto ulipo, na ng'ambo ya mstari huo vitu vidogo vilivyomeremeta juani. Yalikuwa mabati. Mtu mmoja akasema ile ni kwetu, mwingine akasema si kwenu, ni kwetu, na safari ikaishia kwenye ugomvi wa nani ana paa gani.

Mabati hayo yalikuwa yanaongezeka. Nililijua hilo kwa kufuatana na baba kwenda Kajiado, alikofuatilia hatimiliki ya ploti. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela ilikuwa imegawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila familia ikapewa kipande chake, na vipande vikaanza kukatwa vipande. Baba alikuwa mmoja wa wanunuzi. Bila ukataji huo mimi nisingekuwa na nyumba wala rafiki. Ofisi za ardhi zilimshika kutwa. Mimi niliachwa nje na soda, mbali kidogo na reli ya Magadi, na nikizurura nilifika hadi mwisho wa nyumba.

Huko, msimu mmoja wa viwavijeshi, nilikuta korongo weupe wamejaa uwandani, mamia kwa mamia, wakitembea kwa mstari mrefu na kudona kila hatua. Walikuwa wametoka Ulaya. Wamaasai waliokuwa wakipita na mifugo hawakuwashangaa. Ndege hao huja mvua ikinyesha na viwavi wakitoka, wakaondoka kabla ya Aprili kwisha. Mmoja alikuwa na pete mguuni. Nilimfuata kwa hatua ndogo ndogo nikitaka kuisoma namba, naye akawa anasogea mbele yangu kwa umbali ule ule, bila kuruka, bila kuniangalia, akiendelea kula. Baba alinikuta nimeivuka reli, akanivuta sikio.

Wakati wa kurudi gari lilipata pancha kati ya Isinya na Kisaju. Baba akatoa jeki. Pembeni ya barabara nyasi zilikuwa zinarusha ndege. Sijui niseme vipi vingine: ndege mweusi mwenye mkia mrefu uliopinda aliibuka juu ya nyasi, miguu ikining'inia, akazama, akaibuka tena palepale. Kisha mwingine kando. Nilisogea nikaona kila mmoja ana uwanja wake, duara la nyasi zilizokanyagwa, na katikati ameacha kifungu cha nyasi kimesimama. Majike ya rangi ya majani makavu yalipita yakikagua. Vitabuni ndege huyu ana jina la Frederick Jackson, aliyekuwa gavana wa Uganda kuanzia mwaka 1911, mpenzi wa ndege. Sina ugomvi na gavana, ila dume lile lilikuwa linafanya kazi kubwa kuliko ugavana, na hakuna jike hata moja lililosimama kwake muda wote baba alipokuwa akibadilisha gurudumu.

Mwaka 2000 ukame ulitupiga. Ng'ombe wa Wamaasai waliingizwa hadi ndani ya jiji la Nairobi, wakala nyasi za mizunguko ya barabara, na Mzee alipoteza wengi wa wale waliokuwa wameokoka mlango wa miiba. Mwaka huohuo ndipo ulipoanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasiuze, na wanyama wapite. Malipo yalikuja mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinafunguliwa. Mzee alijiunga. Karo ya sekondari ya rafiki yangu ilitoka humo, jambo ambalo yeye hulieleza kwa kusema kwamba alisomeshwa na nyumbu.

Mpango ule ulikuwa mzuri na haukutosha. Bei ya ploti ilipanda kila mwaka na dola 4 zikabaki dola 4. Nyumbu wa tambarare hizi walikuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978. Mwaka 2011 walikuwa wamepungua chini ya 3,000. Wasipokuwepo nyumbu, simba anayevuka mto hukutana na mbuzi. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia zizi. Machi 2016 dume maarufu la mbuga, Mohawk, lilifika Isinya, umati ukalizunguka, likamjeruhi mtu, likapigwa risasi na maafisa wa wanyamapori. Niliiona picha yake gazetini na nikamfikiria Yeyo na debe lake. Katikati ya misiba hiyo kijana wa huku, Richard Turere, alikuwa ameunda taa za kumwogofya simba kwa betri ya gari, sola, kifaa cha kumulikamulika cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika. Simba akiona mwanga unahama hudhani mtu anatembea. Mwaka 2013 aliueleza ulimwengu jukwaani kule Marekani. Maboma mengi yakaziweka. Mzee alizikubali lakini hakuacha kutia tawi mlangoni.

Mimi nilikwenda mjini nikashikwa na ndege. Nature Kenya wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza tangu mwaka 1971, na humo nilijifunza kwa utaratibu nilichokuwa nimekiona kiholela: mbuga ile peke yake ina zaidi ya aina 400. Nilinunua darubini ya mtumba. Mambo mengine nilikuwa nayo tayari. Wenzangu walipomtafuta bundi kwa macho mimi niliwasikiliza ndege wadogo waliokuwa wakimzomea.

Kitengela ya leo ina watu zaidi ya 150,000 kwa sensa ya 2019. Ploti ya baba iko nyuma ya ghorofa, na kutoka kwenye paa lake huoni mbuga. Unaona paa la jirani. Mzee alifariki. Wanawe waligawana ekari, wawili wakauza, rafiki yangu hakuuza. Rasimu ya mpango wa mbuga ya mwaka 2020 ilipopendekeza ua upande wa kusini tulibishana naye kwa simu hadi salio likaisha. Mimi nilipinga ua. Yeye alisema wapinzani wakubwa wa ua wanaishi Karen na hawana mbuzi, kisha akasema naye pia anaupinga, lakini kwa sababu zake, na nisimchanganye na mimi.

Siku hizi huwapokea wageni wachache wanaotaka ndege. Mwezi uliopita nilimwambia nataka kuleta watoto wa dada yangu, wale wa Mombasa, ambao hawajaona tandawala wala ndege karani. Akaniuliza wana umri gani, wanaweza kutembea, wanaogopa mbwa.

"Njooni saa kumi na moja na nusu," alisema. "Wakija saa moja hawatasikia kitu. Pikipiki zitakuwa zimeshaanza."